Safu ya Tatu

Mwezi uliopita tulimzika mwalimu wangu wa hesabu huko juu Meru, kwenye shamba lake la kahawa, na hakuna aliyeomba. Alikuwa amewaachia watoto wake maagizo kwamba asiletwe padri, asiletwe mchungaji, na asiimbiwe. Basi watu walisimama kwenye matope bila kujua mikono iwekwe wapi. Tumezoea mazishi yawe na mtu wa kutuambia sasa inamisheni vichwa, sasa tupeni udongo. Kitinda mimba wake alisoma habari za maisha ya marehemu, jeneza likashushwa, watu wakatazamana, na mwishowe mzee mmoja wa ukoo akakohoa na kusema, "Haya, nafikiri tumemaliza." Nyuma yangu mama mmoja alinong'ona kwamba hata mbuzi huchinjwa kwa heshima kuliko hivyo.

Mjukuu wangu Ifrah ndiye aliyenipeleka kwa gari lake kutoka Isiolo. Njiani aliniuliza marehemu alikuwa dini gani, nikamwambia hakuwa nayo. "Kumbe hata zamani walikuwepo," akasema. Tulipanda mlima kidogo, baridi ikaanza kuingia dirishani, kisha akaongeza macho yakiwa barabarani, "Hata mimi, ayeyo, sijui kama bado niko nayo." Alisema hivyo kama mtu anayekwambia ameacha kuweka sukari kwenye chai. Nilifunga dirisha, na tangu hapo mpaka tulipofika nilikuwa mbali naye sana, nimerudi kwenye baraza ya stoo ya shule, nikiwa na miaka tisa hivi, peke yangu.

Ninyi wa umri wangu mliokulia Isiolo miaka ya vita vya shifta mtakumbuka kwamba kila mtu alikuwa kitu. Ulikuwa Muislamu au ulikuwa Mkristo, na wale ambao hawakuwa huku wala huku tuliambiwa bado hawajafikiwa, kana kwamba wako kwenye foleni. Mtu akifungua mdomo tu ulimjua. Akisema salaam aleikum ni wa kwetu, akisema habari ni wa wale waliotoka milimani kuja kulima, kuuza miraa au kufanya kazi ya serikali. Hatukuchukiana kwa ajili ya hayo. Jirani yetu Mama Kanana, aliyekuwa na shamba la vitunguu kule Burat, alipita kwetu kila asubuhi akanywa chai, na sikukuu ya Idi alipewa nyama yake kabla ya ndugu zetu. Lakini mtu asiye na upande sikuwahi kumwona, na sikuwa nimeambiwa kwamba anaweza kuwepo.

Tuliishi Kiwanjani, mimi na ayeyo, mama yake baba. Mama yangu alikufa nikiwa bado sijajua kutembea. Baba alikuwa na lori, na lori hilo lilikuwa limekwama Marsabit, kwa sababu siku hizo gari halikuruhusiwa njiani peke yake; lilingoja msafara wa wanajeshi, na msafara ulikuja ulipotaka. Ayeyo aliswali akielekea kaskazini. Kutoka Isiolo, Makka iko huko, lakini mimi nilijua tu kwamba huko ndiko inakokwenda barabara ya Marsabit. Kwa hiyo nilidhani anamwelekea baba. Nilidhani kila mtu ambaye jamaa yake yuko safarini huinama upande ule aliko, na niliona ni jambo la adabu sana. Nikawa nasimama kando yake na kuinama anapoinama, nikimtajia baba kimoyomoyo mambo ya nyumbani: mbuzi mweupe amezaa, mabati yanavuja, rudi.

Mtaa ulikuwa umepungukiwa wanaume. Wengine walikimbilia kwa jamaa zao Nairobi, wengine walichukuliwa kwenda kuhojiwa na hawakurudi, na wengine tulifundishwa tusiwaulize. Jioni king'ora kililia na kila mlango ukafungwa. Alfajiri na isha msikiti ulibaki mtupu, maana nani angetembea gizani aulizwe anaenda wapi? Ayeyo alisema kwa hasira kwamba zamani mji huu uliamshwa na adhana, Mkristo na Muislamu, na hata Mama Kanana alienda shambani kwa adhana. Sasa unaamshwa na kulazwa na chuma cha serikali. Alikuwa mkali, ayeyo wangu, na alijua kununa.

Alikuwa mjane wa askari. Babu alikuja nchi hii na jeshi la Mwingereza kutoka upande wa Berbera, kwetu Usomali, akapigana vita visivyomhusu, kisha akapewa Isiolo pawe mahali pa kupumzikia. Sikumkuta, lakini mazishi yake niliyajua kama niliyaona, kwa vile ayeyo aliyasimulia kila tulipochambua mchele. Watu walijaa msikiti, wakajaa uwanja, safu zikafika mpaka duka la nyama. Na hapo ayeyo alikatiza kusimulia akanitazama, kwa sababu alikuwa anaamini kwa moyo wake wote kwamba maiti wa Kiislamu akisaliwa na safu tatu za watu, Mungu humsamehe.

"Babu yako safu zake zilimwagika," alisema. "Mimi sasa?"

Kisha alichukua tasbihi na kuhesabu wanaume waliobaki, punje moja mtu mmoja. Shekhe angesalisha, huyo yuko mbele. Muuza nyama na ndugu yake, safu ya kwanza. Fundi cherehani na mzee Haji, safu ya pili. Mlinzi wa stoo ya pembejeo, safu ya tatu. Kidole chake kilibaki kimeshika punje ya mlinzi.

"Mmoja hafanyi safu," alisema. "Mtu moja nyuma peke yake, hiyo si safu. Hiyo ni mtu amechelewa."

"Baba atakuja," nilimwambia.

"Hooyo," aliniita, yaani mama, kama Wasomali wanavyowabembeleza watoto, "hiyo barabara haijui mimi ni mgonjwa."

Ndiyo, alikuwa mgonjwa. Kifua kilikuwa kinamkamata usiku na mchana alijifanya mzima. Sikuogopa kifo chake kama nilivyoogopa ile safu. Kifo nilikisikia sana miaka ile. Kilikuwa habari ya kila siku, kama bei ya sukari. Lakini ayeyo kufika mbele ya Mungu akiwa amepungukiwa mtu mmoja, na Mungu akahesabu na kutikisa kichwa, hilo lilinikosesha raha ya kula.

Shuleni nako nilikuwa peke yangu. Kila Alhamisi baada ya mapumziko kulikuwa na saa ya dini. Katekista aliingia na kitabu chake, Wakristo wakabaki kwenye madawati, na sisi Waislamu tukatoka kwenda baraza ya stoo, ambako maalim alitungoja na kifimbo chake. Halafu maalim akaenda Garbatula kwa msiba wa kaka yake, na hakuruhusiwa kurudi. Huko watu walikuwa wamekusanywa na wanajeshi ndani ya uzio wa waya. Wenzangu nao wakaondoka mmoja mmoja, huyu kapelekwa Nanyuki, yule hakuaga. Ikafika Alhamisi ambayo nilisimama peke yangu darasa zima likinitazama, na katekista akaniambia, bila ubaya wowote, "Wewe kaa nje mpaka dini iishe."

Nilikaa nje. Nilishika juzuu yangu iliyochanika jalada, nikasoma kwa sauti zile sura nilizozijua, ili maalim akirudi asikute zimenitoka. Ndani walikuwa wakiimba. Waliimba vizuri, na nyimbo zao zote nilizishika bila kutaka. Mpaka leo naweza kuziimba mwanzo mpaka mwisho, na nikiwa jikoni peke yangu huwa naziimba. Lakini siku zile kila walipofika kwenye kiitikio nilihisi nimeachwa na kila kitu: na mama, na baba, na maalim, na hata Mungu, ambaye sauti yake ilionekana iko kule ndani pamoja na wengine.

Ndipo siku moja alipotoka Mwalimu Kirimi. Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, kijana mrefu kutoka milimani, koti moja la kahawia mwaka mzima. Walimu wengine saa ya dini walikaa nyuma ya darasa wakifumba macho ilipotakiwa. Yeye alibeba kiti chake, akakiweka kwenye kivuli cha stoo, hatua chache kutoka kwangu, akawasha sigara. Alipomaliza alienda kwenye tangi, akasukutua mdomo, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kwa sababu ya vumbi la chaki, akajipaka maji usoni, akarudi kukaa. Na alikaa ameelekea kaskazini.

Ninyi mnacheka, lakini niambieni mtoto wa Kiwanjani angefikiri nini. Mtu hakai na Wakristo. Mtu anatawadha. Mtu anaelekea kibla. Na miaka ile watu walikuwa wanajificha kweli. Nilishaona kwa macho yangu abiria akivua kofia na kuikalia kabla gari halijafika kwenye kizuizi cha askari. Nikajua papo hapo kwamba Mwalimu Kirimi ni Muislamu na anaogopa kusema. Nilimhurumia sana. Kumbe si mimi tu.

"Salaam aleikum, mwalimu," nilimwambia kwa sauti ya chini, ili dirishani wasisikie.

Alitoa mdomoni sigara ya pili aliyokuwa ameshaiwasha, akanitazama.

"Aleikum salaam," akajibu.

Sikuhitaji ushahidi mwingine. Tangu hapo Alhamisi ikawa siku yangu. Hatukuongea sana. Yeye alisoma gazeti, mimi nilisoma sura zangu, na mara nyingine aliniuliza jambo bila kuinua macho.

"Hiyo unayosoma inamaanisha nini?"

"Sijui, mwalimu. Maalim alikuwa hajafika kwa maana."

Alicheka kidogo. "Hata mimi walinifundisha Kilatini hivyo hivyo."

Nilidhani Kilatini ni sura ambayo sijaifikia, nikamheshimu zaidi.

Siri hiyo niliiweka kwa muda ambao kwa mtoto ni mrefu. Ilinitoka jioni moja king'ora kimeshalia, ayeyo ameshika tena ile punje ya mlinzi, uso wake umeingia ndani kwa ugonjwa. Nilimwambia kuna mtu mmoja zaidi. Nilimwambia yuko shuleni, anaficha, asimtaje kwa mtu.

"Mmeru?" aliuliza.

"Mmeru."

"Wako Wameru Waislamu," alisema polepole. "Wako. Babu yako alikuwa na rafiki mmoja." Akasukuma punje nyingine mpaka ikagusana na ya mlinzi, akazifunika zote kwa kiganja. Sijui kama nimewahi kumfurahisha mtu maishani kama nilivyomfurahisha ayeyo jioni ile.

Asubuhi ya Alhamisi iliyofuata alinipa mkebe wa nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kukaangwa katika mafuta yake, ambayo sisi wenyewe tulikuwa tunaionja tu. Mwalimu Kirimi alifungua mkebe, akanusa, akala kipande kimoja, halafu akala chote. "Mwambie nyanya yako ahsante sana," alisema, na mimi nikafikisha salamu kwa maneno mengi kuliko aliyosema. Kila Alhamisi mkebe ukaenda. Na kila alipozidiwa na kifua ayeyo aliniuliza, "Atakuja?" nami nikamjibu, "Atakuja." Sikuona haja ya kumwuliza mwenyewe. Muislamu haalikwi kwenye maziko, anakwenda.

Alikufa asubuhi, baada ya chai, amekaa akiegemea ukuta. Mama Kanana ndiye aliyegundua. Alikuwa anamsimulia habari za vitunguu vilivyokanyagwa na ng'ombe, akaona hajibiwi. Aliweka kikombe chini taratibu, akamshika mkono, kisha akanivuta kifuani kwake akisema, "Kuja mwari, kuja hapa." Wanawake waliitwa, maji yakachemshwa, Shekhe akaja akichechemea na kusema tutaswalia hapa hapa uwanjani baada ya adhuhuri, tupate kuzika na kurudi kabla ya king'ora. Walianza kutafuta sanda. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kunipa, lakini mimi kazi yangu nilikuwa naijua. Nilitoka mbio kwenda shule.

Mwalimu Kirimi alikuwa ubaoni. Nilisimama mlangoni bila viatu nikasema mbele ya darasa zima, "Mwalimu, ayeyo amekufa. Kuja utusalie."

Aliweka chaki chini, akatoka, akanishika bega mpaka kwenye baraza yetu ya stoo. Alichuchumaa ili macho yetu yalingane.

"Nani alikuambia mimi naweza kusalia mtu?"

"Najua unaficha. Sijamwambia mtu. Ni ayeyo peke yake."

"Sifichi kitu, mtoto. Mimi si Muislamu."

"Basi wewe ni Mkristo?"

"Nilikuwa. Nilisomea hata upadri kidogo."

"Na sasa wewe ni nini?"

Alifikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, ana kwa ana. "Sasa mimi ni mwalimu," alisema. "Dini yangu iliisha."

Nilimtazama nikijaribu kuelewa. Mafuta ya taa huisha. Sukari huisha, na mtu akiishiwa huenda kwa jirani na kikombe. Lakini mtu mzima, aliyeshiba, mwenye mshahara, anawezaje kuishiwa na dini na kuendelea kukaa tu kwenye kiti? Halafu nikaona, juu ya hayo yote, ile punje ya mwisho ikirudi nyuma kwenye uzi.

"Nilimwambia utakuja," nilisema. "Amekufa anajua utakuja. Wako watano na Shekhe. Wawili, wawili, mmoja. Mmoja hafanyi safu."

Alinitaka nirudie, nikarudia: safu tatu, msamaha, mlinzi peke yake nyuma. Alisikiliza kama alivyosikiliza mtu akieleza alivyopata jibu ubaoni. Hakusema hayo ni mambo ya wazee. Hakusema Mungu anaelewa, kama watu wengine walivyoniambia baadaye.

"Kwa hiyo anatakiwa mtu mmoja," alisema.

"Muislamu."

"Mimi nina mmoja tu, huyu unayemwona. Mwingine sina." Akasimama, akaenda kuchukua koti lake.

Tulipofika nyumbani, wanaume walikuwa wameshajipanga. Jeneza lilikuwa mbele, limefunikwa shuka la kijani la babu. Wawili, wawili, na mlinzi wa stoo nyuma, mzee wa watu, amejinyoosha kadiri alivyoweza. Shekhe alikuwa anaangalia jua, kisha mlango wa ua, kisha jua. Mwalimu alienda moja kwa moja mpaka kwake.

"Mimi ni mwalimu wa huyu mtoto," alisema. "Nyanya yake alikuwa ananipa chakula. Nimekuja kusimama, kama mtaniruhusu. Kuswali sijui."

Nilishika nguo ya Mama Kanana. Nilijua Shekhe angeuliza, na nilijua mwalimu asingedanganya. Neno moja lilikuwa limebaki, na neno hilo likisemwa ayeyo angepungukiwa milele. Shekhe alimtazama yule kijana, koti la kahawia, chaki kwenye mkono. Akanitazama mimi. Akayatazama tena mapengo ya safu zake.

"Hii swala haina kuinama," alisema. "Ni kusimama tu. Vua viatu."

Hakuuliza lingine. Mwalimu alienda kwenye pipa la maji, akanawa vile alivyonawa siku zote, akaja kusimama kando ya mlinzi. Soksi zake zilikuwa na matundu. Shekhe alipoinua mikono, yeye aliinua akiwa amechelewa kidogo. Mara ya pili aliacha mikono chini, akakaza macho kwenye lile shuka la kijani mpaka mwisho. Midomo yake haikutikisika. Mlinzi, aliyekuwa anasimama kwa tabu, aliegemea bega lake, naye akamwachia bega. Nilihesabu safu mara moja, nikahesabu tena. Ilikuwa tatu.

Alibeba jeneza na wenzake mpaka makaburini, na kwenye kizuizi ni yeye aliyezungumza na askari. Mimi nilibaki na wanawake. Jioni king'ora kikalia, na kwa mara ya kwanza nikalala nyumba ya Mama Kanana. Waliomba Kimeru kabla ya chakula, wote macho chini, na mimi sikujua macho yangu niyaweke wapi, nikayaweka kwenye sufuria. Walikuwa wema kwangu kupita kiasi. Nilitamani mmoja wao anikaripie kama ayeyo. Asubuhi nilienda nyumbani peke yangu, nikasimama mahali alipokuwa akitandika mswala, nikaelekea kaskazini. Nilijua baba yuko huko. Ayeyo je? Nilizunguka pale pale mpaka nikapata kizunguzungu, kwa sababu sikujua sasa nimwelekee wapi yeye.

Alhamisi ilipofika nilienda kwenye baraza ya stoo kwa sababu nilitolewa darasani, si kwa sababu nilipenda. Mwalimu alileta kiti chake kama kawaida.

"Habari ya asubuhi, mwalimu," nilisema.

"Nzuri."

Alifungua gazeti, lakini hakuligeuza. Ndani walifika kwenye kiitikio.

"Ile salamu yako nyingine imeenda wapi?" aliuliza.

"Ile ni ya Waislamu."

"Ah." Alikunja gazeti. "Mimi nilidhani ni yetu, watu wa hapa nje."

Nilingoja wimbo uishe. Kisha nikasema salaam aleikum, na yeye akajibu polepole, neno kwa neno, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu, na mimi nikalia. Sikuwa nimelia siku ya maziko. Alinipa leso iliyojaa chaki, akasubiri nimalize.

Baba alirudi na msafara mvua ikiwa imeshaanza. Aliuliza nani walimsalia mama yake, nikawataja mmoja mmoja. Nilipofika kwa mwalimu aliuliza, "Huyo ni Muislamu?" Nikamwambia, "Alisimama safu ya tatu." Baba aliinamisha kichwa. Kesho yake alimpelekea mwalimu mbuzi, na tangu hapo walikuwa marafiki mpaka baba alipokufa.

Nimeishi na wanazuoni wengi tangu wakati ule, na wengine nimewapikia. Sijawahi kumwuliza hata mmoja kama safu ile ilikuwa safu. Naogopa jibu. Isiolo ya leo ina misikiti kuliko tulivyoota, vipaza sauti vinashindana alfajiri, na makanisa yana magitaa. Na ndani ya nyumba zetu wenyewe vijana wanaishiwa taratibu, bila kelele, wakiwa wameshiba. Wenzangu wanasema ni simu, wanasema ni vyuo vikuu. Mimi nawasikiliza na kukumbuka soksi zenye matundu, na sijui niseme nini. Ninachojua ni kwamba inaniuma. Nikifa, Ifrah atalia, lakini nani atanihesabia punje?

Baada ya yule mzee kusema tumemaliza, watu waliteremka kwenda kwenye chakula. Mimi nilibaki kaburini. Nilitaka kumsomea kitu na nilijua hakutaka. Yeye alisimama kwetu bila kusema lisilo lake. Nami nisingemsemea lisilo lake. Nilivua viatu, matope yakapita kati ya vidole, baridi ya milimani ile, nikasimama tu. Sisi tukipita makaburini huwasalimia waliolala. Nilijiuliza kama salamu nayo ni dua, na kama ni dua nitakuwa nimemvunjia neno. Halafu nikaona hii ilikuwa yetu tangu zamani, ya watu wa nje.

"Salaam aleikum, mwalimu," nilisema.

Nikangoja. Najua ni upuuzi, mwanamke wa umri huu, lakini nilingoja kweli, kama nilivyongoja siku ile ya kwanza alipotoa sigara mdomoni. Chini kule sahani ziligongana. Na nyuma yangu Ifrah, aliyekuwa amenifuata na mwavuli bila mimi kumsikia, macho yake kwenye simu, alijibu kwa mazoea, "Waaleikum salaam." Kisha akainua kichwa, akaona niko miguu mitupu mbele ya kaburi, akazima simu. Alivua viatu vyake vyeupe vya bei ghali, akavishika mkononi, akaja kusimama kando yangu.